Kinubi Mahali pa Kinanda: Ombaci na Kazi ya Mpiga Ala wa Pekee

Kazi ya mpiga piano wa jukwaani, yaani mtu anayeishi kwa kukaa peke yake mbele ya kinanda kikubwa na kupiga tungo za watunzi wa Ulaya, huku hadhira iliyolipa kiingilio ikimsikiliza kimya, ni kazi changa kuliko wengi wanavyodhani. Piano yenyewe ilibuniwa mjini Florence na fundi Bartolomeo Cristofori karibu na mwaka 1700, lakini kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo mpigaji wake alipanda jukwaani akiwa mmoja miongoni mwa wengi, akapiga zamu yake na kuwaachia nafasi waimbaji na wapiga fidla. Aliyethubutu kuijaza jioni nzima peke yake alikuwa Franz Liszt, mzaliwa wa Hungaria, ambaye alifanya hivyo Rome mwaka 1839, na mwaka uliofuata tangazo la maonyesho yake mjini London likaazima neno ambalo Waingereza walikuwa wakilitumia kwa ughanaji wa mashairi, jambo lililowachekesha baadhi ya wasomaji, ambao hawakuelewa mtu atawezaje kughani kwa piano. Clara Schumann, aliyeishi kati ya mwaka 1819 na 1896, ndiye aliyeigeuza jeuri hiyo ya Liszt kuwa kazi ya kila siku: alipanda jukwaani tangu utotoni hadi uzeeni, akapiga kwa kichwa bila karatasi, na programu za maonyesho yake zilizohifadhiwa zinakaribia 1,300.

Kazi ya namna hiyo haisimami kwa kipaji peke yake. Inataka ala isiyohamahama na fundi wa kuikaza nyuzi mara mbili au tatu kwa mwaka. Inataka ukumbi wenye paa na kuta, na watu wenye fedha za kiingilio au mfadhili anayewalipia. Inataka pia shule yenye mitihani, kwa kuwa mpigaji hutambuliwa na wenzake kabla ya kutambuliwa na umma. Mtu akivitafuta vitu hivyo katika historia ya Ombaci, misheni ya Kikatoliki iliyo kilomita chache kaskazini mwa mji wa Arua, hatavikuta vyote kwa pamoja katika muongo wowote. Hata hivyo nchi hiyo ya Nile Magharibi imekuwa na wapiga ala za nyuzi wa kiwango cha juu, na njia iliyowafikisha mbele ya watu waliokaa wakawasikiliza ilipita mlango uleule ambao piano ilizuiwa kuupita.

Lugha ya Kiswahili inautangulia mjadala huu kwa maneno mawili. Neno kinanda, ambalo leo humfikirisha msomaji ogani ya kanisa au piano, zamani katika miji ya pwani lilitaja ala ya nyuzi yenye shingo, jamaa ya udi na gabusi, na ni baada ya ala za Ulaya kushuka bandarini ndipo jina hilo lilipohamia kwenye vibao vya kubonyeza. Neno kinubi, ambalo watafsiri wa Biblia walilichagua kwa ajili ya ala ya mfalme Daudi, linabeba ndani yake jina la Wanubi, na katika Arua neno hilohilo likiandikwa kwa herufi kubwa ni lugha ya jamii ya Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani katika karne ya 19, ambao wameishi mjini humo tangu siku zake za mwanzo. Kwa hiyo mtu akisema sokoni Arua kwamba anakijua Kinubi, inabidi aulizwe anakijua kwa ulimi au kwa vidole.

Eneo lenyewe lilichelewa kuingia Uganda. Mwaka 1894 ukanda wa magharibi mwa Nile, uliojulikana kama Lado, ulikodishwa kwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 1909 ukarudi mikononi mwa serikali ya Sudani, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, ndipo kituo cha utawala kikawekwa Arua chini ya mkuu wa wilaya A. E. Weatherhead. Walugbara, ambao ndio wengi katika nchi inayoizunguka Ombaci, hawakuwa na mfalme. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kati yao kuanzia mwaka 1949 na kuchapisha kitabu chake juu ya dini yao mwaka 1960, alieleza jamii iliyoendeshwa na wazee wa koo na wenye uwezo wa kuita mvua, bila ikulu, bila kodi ya mfalme, bila watumishi wa baraza. Masultani na mawakili waliotokea baadaye walikuwa vyeo vilivyoletwa na serikali za kigeni. Wakakwa wa Koboko, upande wa kaskazini, nao waliishi kwa utaratibu uliofanana na huo.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika historia ya muziki kuliko linavyoonekana. Katika Buganda kulikuwa na kazi iliyoikaribia sana ile ya mpiga piano wa jukwaani: mpiga ennanga, kinubi chenye shingo ya upinde na nyuzi 8, alikuwa mtumishi wa Kabaka, akapiga na kuimba mbele ya wasikilizaji wachache waliokaa kwa adabu, na riziki yake ikatoka ikulu. Kazi hiyo ilikufa kwa namna ambayo kazi zinazotegemea mfadhili mmoja hufa, kwani tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia ikulu ya Mengo, likiongozwa na Idi Amin, ambaye asili yake ni Koboko, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wapigaji wakatawanyika pamoja na ala zao. Kwa Walugbara hapakuwa na cha kuvamiwa. Muziki wao mkubwa ulikuwa ongo, nyimbo na ngoma za msibani, ambamo ukoo mzima ulicheza na kuimba, na mtu aliyejitenga ili asikilizwe peke yake angeonekana kaukosa msiba wenyewe. Majirani zao upande wa kusini, Waalur, ambao walikuwa na watawala wa kurithi, walikuwa na agwara, tarumbeta ndefu zinazopulizwa kwa ubavuni. Kila moja hutoa sauti moja tu au mbili, na wimbo huzaliwa pale kila mpulizaji anapoitia sauti yake katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Wachezaji hao wanatosha kujaza kiwanja, ila hakuna hata mmoja wao anayeweza kwenda na wimbo nyumbani.

Ala ya mtu mmoja katika nchi hiyo ilikuwa kinubi, ambacho jina lake la Kialur, adungu, limeenea kuliko majina mengine na sasa ndilo linalotumika Uganda nzima. Mpigaji alikipiga jioni nyumbani au kwenye pombe, akiimba juu ya majirani, mapenzi na mambo ya siku hiyo, na malipo yake yalikuwa kinywaji na sifa. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda na aliyeizunguka nchi nzima akirekodi muziki wake kati ya mwaka 1949 na 1954, alivigawa vinubi vya Afrika katika makundi matatu kulingana na namna shingo inavyounganishwa na kisanduku cha sauti, akaliita kundi moja kijiko ndani ya kikombe, kwa sababu shingo imelazwa tu ndani ya kisanduku, ikashikiliwa na ngozi pamoja na mvuto wa nyuzi, bila msumari wala gundi. Ni jina zuri kwa mtaalamu, na linafaa kukumbukwa, kwa kuwa ala iliyoshikiliwa na mvuto wake mwenyewe inaweza kufunguliwa, kubebwa na kuundwa upya.

Wamisionari wa Comboni, shirika lililoanzishwa na Daniele Comboni mjini Verona mwaka 1867, waliingia Uganda kutoka kaskazini mwaka 1910 na kuweka kituo chao cha kwanza Omach, katika nchi ya Waalur, kisha katika miaka kumi iliyofuata wakafika Gulu, Moyo na Arua. Kanisa la Kianglikana lilipata watumishi wake kutoka Misheni ya Afrika Bara, waliofika Arua mwaka 1918 na kukaa Mvara. Watu wa Verona hawakuwa wageni wa muziki wa jukwaani. Mwaka 1913, wakati wenzao wakijenga vibanda vya nyasi kando ya Nile, uwanja wa kale wa Kirumi katikati ya mji wao ulianza kutumika kwa opera, na hadi leo watu hufurika humo kila kiangazi. Ila opera hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imemkasirisha Papa.

Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio X alitoa barua rasmi juu ya muziki wa kanisa, akilalamika kwamba makanisa, hasa ya Italia, yamejaa mtindo wa jumba la maonyesho, na akaagiza kwamba nyimbo za Kigregori, yaani zile za kale za Kilatini zinazoimbwa kwa sauti moja bila mapigo ya kuhesabiwa, zirudishiwe heshima yake ya kwanza. Ogani iliruhusiwa. Kisha katika kifungu cha 19 barua hiyo ikapiga marufuku piano kanisani, na katika pumzi hiyohiyo ikapiga marufuku ngoma, matoazi, kengele ndogo na ala nyingine za kelele au za wepesi. Mwandishi wa kifungu hicho alikuwa akiwaza bendi za vijiji vya Italia, wala hakuwa na Mlugbara yeyote akilini. Lakini sheria ilipofika Nile Magharibi ilikuta ngoma ndiyo roho ya kila mkusanyiko, na kwa kuwa sheria haina macho, ala ya ukumbi wa Ulaya na ala ya kiwanja cha Afrika zikafungiwa nje kwa ufunguo mmoja. Wanahistoria wa misheni wameandika mengi juu ya ngoma iliyokatazwa. Jirani yake katika kifungu, piano, haitajwi sana, ingawa marufuku yake yanasaidia kueleza kwa nini katika nchi ambayo karibu kila kitu cha Ulaya kilifika kwa mkono wa padre, ala hiyo haikupata mtu wa kuisafirisha.

Usafiri wenyewe ungemshinda hata aliyeruhusiwa. Kabla reli haijafika Pakwach mwaka 1964, mzigo wa kwenda Arua uliteremshwa Mombasa, ukapanda treni hadi Kisumu, ukavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja, ukapanda reli fupi hadi Namasagali, ukaingia meli ya Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, ukapelekwa kwa barabara hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, ukaingia meli nyingine na kushuka nayo Nile hadi Rhino Camp, na hapo ndipo ulipoanza kupanda kuelekea nyanda za juu, mwanzoni kichwani mwa wapagazi na baadaye kwa lori. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Piano ya kusimama, ile ya nyumbani, ina zaidi ya kilo 200, na piano kubwa ya ukumbini yenye urefu wa karibu mita 2.7 inakaribia kilo 500. Ndani yake mna nyuzi zipatazo 230 ambazo mvuto wake kwa jumla hufika tani 18 hadi 20 na kuzuiwa na fremu ya chuma cha kumimina. Kinachobaki ni mbao, gundi na manyoya yaliyoshindiliwa, yaani vitu ambavyo mvua za miezi minane na kiangazi kikali cha Arua huvivimbisha na kuvikausha kila mwaka, mbali na mchwa, ambao wana mapenzi yao kwa mbao zilizokauka vizuri.

Kilichosafiri kilikuwa harmoniamu, ogani ndogo inayopuliziwa na miguu ya mpigaji mwenyewe: kanyagio mbili husukuma mivukuto, hewa hupita juu ya vilimi vya shaba, na kila kilimi hutoa sauti yake kibao kinapobonyezwa. Baadhi ya harmoniamu za wamisionari na makasisi wa jeshi zilijikunja zikawa sanduku. Sauti yake ni nyembamba na haijui kupiga kwa nguvu au kwa upole kwa mguso wa kidole, ambalo ndilo jambo lililoipa piano jina na umaarufu wake. Mwanafunzi aliyejifunza juu ya harmoniamu alijifunza mahali pa sauti, asijifunze uzito wake. Aliyekaa mbele yake alikuwa padre, bruda, mtawa au katekista, na kazi yake ilikuwa kuishika kwaya isiteremke sauti. Hapakuwa na makofi, kwa kuwa kanisani hapakupigwa makofi.

Shule za misheni, ikiwamo ile ya wavulana ya Mtakatifu Yosefu iliyokuja kuwa chuo mashuhuri cha Ombaci, zililea waimbaji wengi kuliko wapiga ala, na sababu ya pili ya hilo ni njia ya kufundishia. Solfa, yaani mtindo wa kuandika wimbo kwa herufi za do, re, mi badala ya alama zinazopanda na kushuka mistarini, ulioenezwa na mchungaji wa Kiingereza John Curwen katika karne ya 19, ulimwezesha mwalimu mwenye ubao na chaki kufundisha kipande cha sauti nne bila ala yoyote. Ulikuwa mkombozi wa kwaya na kikwazo cha kinanda, kwa maana aliyesoma solfa kwa miaka kumi alipokutana na karatasi ya Mozart ilimbidi aanze upya kama mtoto. Tena Kilugbara ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti huibadili maana ya neno, kama alivyoonyesha kwa kina Padre Crazzolara wa shirika la Comboni katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya lugha hiyo. Wimbo wa Kijerumani au wa Kiitaliano ukivishwa maneno ya Kilugbara huyapandisha yale yanayotaka kushuka, na waumini huimba kitu ambacho sikio lao linakisahihisha kimyakimya. Kinanda hakikuwa na msaada wowote hapo, kwani kiliushikilia wimbo mahali pake penye kosa.

Kwingineko katika Afrika Mashariki masharti ya kazi ya mpiga piano yalikuwa yanakusanyika, ingawa taratibu na kwa watu wachache. Nat Kofsky alianzisha Konsavatori ya Muziki ya Afrika Mashariki mjini Nairobi mwaka 1944, Jumba la Kitaifa la Maonyesho la Kenya likafunguliwa mwaka 1952 na lile la Kampala mwaka 1959, na mitihani ya bodi ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1889, yenye madaraja 8 yanayopandwa kama ngazi, ikawa kipimo kilichotambuliwa. Makerere ilifungua idara ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971. Miji hiyo ipo kwenye reli. Arua ipo takriban kilomita 500 kutoka Kampala, na mtoto wa Ombaci aliyetaka daraja la kwanza angehitaji kwanza kuhama.

Mifano miwili ya Ethiopia yaonyesha jinsi njia hiyo ilivyokuwa nyembamba hata pale ilipokuwapo. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa mwaka 1923 katika familia ya wakubwa wa Addis Ababa, alipelekwa Uswisi utotoni akajifunza fidla, baadaye akasoma Cairo, na nafasi ya kuendelea na masomo London ilipozuiliwa akaacha yote akawa mtawa. Alitunga na kupiga piano maisha yake yote, akafariki Jerusalem mwaka 2023, huku dunia ikiwa imemjua uzeeni kwa rekodi zake badala ya maonyesho. Girma Yifrashewa, aliyezaliwa mwaka 1967, alianza na krar, kinubi kidogo cha Kiethiopia, akakutana na piano akiwa kijana katika shule ya muziki ya Yared, kisha akasoma Sofia, Bulgaria, na sasa hupiga Chopin na tungo zake mwenyewe katika kumbi za nje na za nyumbani. Kisa cha Girma kina fundisho la kiufundi: vidole vilivyozoea nyuzi havikuanza na mkono mtupu. Ila palihitajika dola iliyokuwa na shule ya muziki katika mji mkuu na urafiki wa kisiasa na Bulgaria.

Ombaci mlango ulifunguliwa na Roma yenyewe. Papa Pio XII alikuwa amekwisha wahimiza wamisionari mwaka 1955 wauheshimu muziki wa watu wanaowahubiria, na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia ambayo kifungu chake cha 119 kiliagiza muziki wa asili wa nchi za misheni upewe nafasi yake katika ibada, na cha 120, baada ya kuisifu ogani, kikaruhusu ala nyingine zinazofaa kwa idhini ya wenye mamlaka. Jimbo la Arua lilikuwa limeundwa miaka mitano tu nyuma, tarehe 23 Juni 1958. Mwezi Oktoba 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu mjini Rome, Joseph Kyagambiddwa alikuwa tayari na utungo wake mkubwa wa kwaya juu yao, uliojengwa juu ya mizani na ala za Kiganda, na kutoka hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwa uhakika kwamba ngoma haina adabu ya kanisa.

Katika Nile Magharibi aliyeingia pamoja na ngoma alikuwa adungu, na kuingia kwake kulimbadili. Kinubi cha zamani kilikuwa na nyuzi 7 hadi 10, kikakazwa kwa mizani aliyoipenda mwenye nacho, karibu na sauti ya koo lake. Kwaya ilihitaji kingine. Mafundi wakaanza kukikaza kwa do, re, mi, kisha wakakichonga kwa ukubwa mbalimbali, kidogo cha kupakatwa kwa ajili ya soprano, kikubwa zaidi kwa alto na teno, na cha besi ambacho kisanduku chake ni gogo lililochimbwa, kizito kiasi cha kulazwa chini, huku mpigaji ameketi nyuma yake na shingo ikipinda mbele kuliko mkono unavyofika. Nyuzi zilizokuwa za mishipa ya wanyama zikawa za nailoni, ileile ya wavuvi. Kwa hiyo kwaya ya sauti nne ikapata kundi la vinubi vya sauti nne, na kazi ambayo mahali pengine hufanywa na mikono miwili ya mpiga piano mmoja ikagawanywa kwa watu wanne au watano. Mtu anaweza kuuita mgawanyo huo hasara. Lakini kwa jamii ambayo haikupata kumtenga mpigaji wake na wenzake, ulikuwa mgawanyo wa kawaida, na mwenye adungu ndogo bado alipata nafasi yake ya kutamba juu ya wenzake kabla ya kwaya kuingia.

Ukitazamwa kwa karibu, upigaji wenyewe unatofautiana na piano kwa jambo moja kubwa. Mpiga piano anaigawa ala kwa upana, mkono wa kushoto kwenye sauti nzito na wa kulia kwenye nyembamba. Nyuzi za adungu zimesimama kama ukuta mmoja mbele ya kifua, na mikono inakuja kutoka pande mbili za ukuta huo, ikikutana kwenye nyuzi zilezile, hivi kwamba sauti moja inaweza kudonolewa na kidole cha huku na kurudiwa na cha kule kabla haijafifia. Udhaifu wake uko kwenye sauti zilizokosekana: piano ina sauti 12 katika kila oktava, yaani katika umbali wa kutoka do hadi do inayofuata, na adungu ina 7, kwa hiyo mwalimu wa kwaya akitaka wimbo wa pili upande kidogo, ama kila kigingi kizungushwe upya waumini wakisubiri, ama waimbaji wavumilie mahali walipo. Kwa kawaida huvumilia.

Utulivu wa mabadiliko hayo ulikatizwa na vita. Utawala wa Amin ulianguka mwezi Aprili 1979, na Oktoba 1980 waliokuwa askari wake walishambulia Koboko na Arua kutoka ng'ambo ya mpaka. Jeshi jipya la serikali, UNLA, lililipiza kisasi juu ya raia, na sehemu kubwa ya watu wa Nile Magharibi wakakimbilia Zaire na Sudani. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi hilo waliingia katika misheni ya Ombaci, ambako maelfu walikuwa wamejikusanya wakitumaini kuta za padre, wakaua makumi ya watu, wanawake na watoto wakiwamo. Mnara wa kumbukumbu unasimama hapo. Katika historia ya ala, miaka hiyo iligawa vitu katika aina mbili: vile vilivyobaki nyuma na kuporwa au kuoza, na vile ambavyo mtu aliweza kuvitengeneza upya kwa kisu, gogo na ngozi ya mbuzi mahali popote alipolala. Harmoniamu ilikuwa ya kwanza, adungu ya pili, na waliorudi kuanzia katikati ya miaka ya 1980 walikuta kanisa lililohitaji ala ambayo haingoji meli.

Wakati huohuo piano ya Ulaya ilikuwa inaifuata Afrika kwa njia nyingine. Akin Euba wa Nigeria, aliyesomea piano London katika miaka ya 1950, alikuwa ametoa hoja ya piano ya Kiafrika, yaani upigaji unaoichukulia ala hiyo kama jamaa ya ngoma na marimba, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana akaandika vipande vya kufundishia kwa msingi huo. Gerhard Kubik wa Austria alikuwa amejifunza marimba ya Kiganda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, akaeleza jinsi wapigaji wawili wanavyoshonana sauti hadi msikilizaji anasikia wimbo wa tatu usiopigwa na yeyote. György Ligeti, mtunzi mzaliwa wa Transilvania, aliyasoma maandishi ya Kubik na kusikiliza rekodi za pembe za Wabanda-Linda wa Afrika ya Kati, ambazo kila moja hutoa sauti moja kama zilivyo agwara za Waalur, kisha kuanzia mwaka 1985 akaandika mazoezi ya piano ambayo mikono ya mpigaji mmoja inalazimishwa kuwa kundi zima la pembe. Mpiga piano Pierre-Laurent Aimard aliyaweka kwenye rekodi moja na waimbaji wa jamii ya Waaka wa Afrika ya Kati mwaka 2003. Leo kijana wa Seoul au Warsaw anayejiandaa kwa mashindano hutokwa jasho miezi kadhaa juu ya kurasa hizo, akijifunza kuweka kidole kimoja katika nafasi iliyoachwa na kingine.

Katika makanisa ya Arua na Koboko kinanda cha umeme kimefika, chepesi, kinachobebwa kwenye pikipiki na kuendeshwa kwa betri au jenereta, na mara nyingi kazi yake ya kwanza Jumapili asubuhi ni kutoa do moja ambayo wapiga adungu wanaifuata wakizungusha vigingi vyao. Wakati wa mvua kazi hiyo huchukua muda. Ngozi hunywa unyevu na kulegea, shingo hujongea kidogo ndani ya kisanduku chake, na sauti zilizokaa sawa jana zote huteremka, zile za besi zaidi ya nyingine. Mpigaji huanza na uzi mrefu, hukaza, hudonoa, husikiliza kinanda, hukaza tena, na akifika kwenye uzi wa mwisho hurudi kwenye wa kwanza, ambao kwa wakati huo umekwisha shuka.